Tazama Miguu Kwanza

Na ile lensi ndefu sijasema ni mbaya, Nadine. Ulipoinuka mezani mchana ulidhani nimeikataa, ukachukua sahani yako ukaenda kumalizia wali nje. Sikuikataa. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia nikalikosa, Vedaste akaujaza ule ukimya kwa mzaha wake, mkacheka nyote wawili, na mimi nikaacha. Sasa mko uani mnafunga mizigo yako. Nawasikia mnabishana juu ya godoro. Nimekaa hapa studio, kwenye kile kiti cha wateja wa picha za paspoti, ninaandika yale niliyotaka kuyasema kabla wali haujapoa.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika, wala watu wa kuogopa huko Kigali. Nguo zako unafua mwenyewe tangu mdogo, na watu wa kuogopa hawatambulikani kwa barua. Nitakuandikia juu ya lensi, kwa sababu kesho ukishuka kwenye basi utapita dukani na ile bahasha ya pesa ya Vedaste, na bahasha inatosha lensi moja tu. Ile fupi yenye kioo kipana, au ile ndefu inayovuta mpaka milimita mia tatu. Ulisema mezani kwamba unataka ndefu ili usisumbue watu. Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini.

Nianze na furaha, maana ninayo, na wewe umeishi nayo nyumba moja kwa miezi hii bila kulalamika. Ninajua imekuchosha. Mama mzima anayekimbilia kioo akisikia pikipiki inapanda kutoka Bugarama, anayeimba akiosha sufuria, anayemsubiri mumewe Vedaste mlangoni kana kwamba ametoka safari ya mwaka, kumbe ametoka tu kiwandani, nywele zimejaa vumbi la saruji. Jana aliniletea mchele mpya wa Bugarama umefungwa kwenye kitambaa chake cha mfukoni, kiganja kimoja tu, ninuse. Ninuse, Nadine! Nimeuweka juu ya kabati kama maua. Sikujua kwamba katika umri wangu mtu anaweza bado kuonea haya vidole vyake mwenyewe kwa sababu vimeshikwa.

Unajua kwamba tulikutana kwenye gusaba, sherehe ya kuomba binti, kule Nyakabuye, lakini hujawahi kunisikia nikisimulia mwenyewe.

Mahema mawili yalikuwa yametazamana kama kawaida, familia ya binti upande huu, ya kijana upande ule, na kati yao nyasi zilizofyekwa vizuri. Tangu nimeanza kazi hii sikuwahi kuzikanyaga nyasi hizo wakati wasemaji wanazungumza. Ni aibu. Mpiga picha anayepita kati ya wazee wanaoombana binti ni kama amepita kati ya mtu na sahani yake. Basi nilikuwa nasimama mwisho kabisa, karibu na masufuria, na lensi ndefu aliyoiacha Papa yako, ninavuta. Nilivuta sura za watu kwa miaka mingi kutoka kwenye masufuria.

Siku hiyo msemaji wa upande wa kijana alikuwa Vedaste. Alikuwa katikati ya kuomba, amefikia pale pa kusifu ukoo, akanyamaza ghafla akanielekezea fimbo.

"Wazee, naomba ruhusa. Kuna maman pale mwisho ananivizia na bunduki ya vioo. Kama amekuya kuniposa, aseme. Kama ni picha tu, akaribie. Mimi siko simba."

Msemaji wa upande wa binti, mzee mkali kidogo, akamjibu bila kucheka: "Apite, lakini alete na ng'ombe yake."

Mahema yote mawili yakaangua kicheko. Nikabadilisha lensi, nikaweka ile fupi nyeusi ya zamani, nikakanyaga nyasi. Nilikaribia mpaka nikaona pengo la jino lake, unywele mmoja mweupe kwenye nyusi, tone la urwagwa, ile pombe ya ndizi, kwenye tai. Kwa lensi ndefu nilikuwa nimeona mzee mmoja mwenye fimbo. Kwa ile fupi nilimwona yeye. Nilimpenda kabla sijabonyeza, na ile picha imetoka na ukungu kwa sababu nilisahau kuzungusha pete ya lensi.

Ungedhani furaha ya namna hii inamjaa mtu mzima mzima. Kwangu imejaa upande mmoja. Umewahi kuulalia mguu ukaamka ukakuta ni wako lakini hauko? Upande mwingine wa mimi uko hivyo siku hizi. Ukifunga mizigo nakuangalia, najua kesho hutakuwepo, nangoja kitu kiniume, hakiniumi. Sitaki ukumbuke uso wangu wa leo mezani ukadhani ni furaha ya Vedaste imekusukuma nje. Ni ganzi. Nataka kukueleza ilikotoka, na ilitoka kwenye lensi.

Unazikumbuka picha za harusi yangu. Ulizipiga wewe, zote. Ni nzuri, na kila anayeingia studio namwonyesha. Lakini nilipozipitia kwenye kompyuta niliona kitu ambacho Vedaste hakukiona. Hakuna hata moja uliyoipiga ukiwa karibu kiasi cha kunigusa. Zote umevuta. Umesimama ukutani, umesimama mlangoni, umesimama nje ya dirisha la ofisi ya sekta, na mimi nimekaa katikati ya kila picha kama mtu aliyeko ng'ambo. Sikukasirika. Nilikujua: hata mimi nimesimama kwenye masufuria.

Halafu tukafika kwenye ile picha ya mezani, ambapo Vedaste ameinamisha kichwa na mke wa rafiki yake wa kiwandani ametokeza midomo sikioni pake.

Vedaste akavua miwani. "Uyu mwanamuke ananibusu saa ngapi? Na mimi sikusikia kitu? Ni hasara kabisa."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Wewe ulikuwa unapita na ndoo, hukusimama hata. Ulisema, "Ni lensi, Maman. Yule alikuwa kule nyuma kabisa, anapuliza chai yake. Tazama miguu."

Nikatazama miguu. Viatu vya Vedaste viko chini ya meza yetu. Viatu vya yule mama viko meza nyingine, mbali, karibu na mlango. Katikati kuna sakafu tupu ambayo mtoto angeweza kuchezea mpira. Lensi ndefu ilikuwa imeikunja ile sakafu yote, ikawabandika wawili hao shavu kwa sikio.

Kicheko changu kikakatika. Vedaste aliuliza kama nimepaliwa. Nilikwenda chumbani nikaitoa picha ya Papa yako.

Hujawahi kuiona, kwa hiyo nikueleze. Unajua kwamba Papa yako Faustin ndiye aliyefungua studio hii, na kwamba sisi wawili tulizaliwa Bukavu, ng'ambo upande wa Kongo, kwa wazazi waliokuwa wamekimbilia kule. Tuliporudi, kama wanavyosema watu, tulirudi mahali ambapo hatukuwahi kuishi. Mama yake alibaki Kadutu, mle mle Bukavu. Alisema ana kuku, na mtu hahami na kuku. Tulipanga nyumba kwenye mteremko juu ya daraja la mpakani, la Rusizi ya kwanza, na ukisimama kwenye baraza uliliona daraja lote kwa urefu wake, likienda moja kwa moja upande wa pili. Kisha ng'ambo wakaanza tena kusema vita vinakuja, na wanaovuka kuja huku wakawa wengi kuliko wanaokwenda. Papa yako akasema, "Nitaenda kuleta Maman na kuku zake. Kesho tuko hapa." Kamera aliniachia ili askari wasimnyang'anye, ile ya filamu, na lensi ndefu juu yake.

Nilikuwa sijui kupiga. Nilikuwa nacheza. Nilimtafuta kwa ile lensi anaposhuka, nikamvuta mpaka mwisho, akawa mkubwa mbele yangu, mgongo na begi, nikabonyeza. Hata sikujua kwamba daraja la mpaka halipigwi picha. Hakugeuka.

Kesho yake tulisikia risasi za Bukavu kutoka barazani. Mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa, Bibi yako alituma neno: hakufika. Nikapeleka filamu ikasafishwe, nikitaka tu kumwona mgongo. Maman Zawadi, jirani yetu aliyekuwa anauza vitenge, ndiye aliyekuwa nami nilipofungua bahasha.

"Na uyu mwanamuke wa kitenge ya njano?"

"Yupi?"

"Uyu. Mbona amemushika mukono?"

Kweli, begani pa Papa yako kulikuwa na mwanamke, kitenge cha njano, beseni kichwani, mkono wake mmoja umeshuka mpaka kwenye kiwiko cha Papa yako. Wanatembea kama watu wanaojuana.

"Sijue," nikamwambia.

"Weye hujue? Sasa nani atajua?"

Kabla jua halijazama mteremko mzima ulijua. Mama mzazi anasema hakufika. Basi alifika kwingine. Ilikaa sawa kabisa. Na mimi, Nadine, niliikubali haraka. Nimejiuliza sana wiki hizi kwa nini niliikubali haraka vile, mimi ambaye sikuwahi kumshuku kwa lolote. Nadhani ni hivi: mwanamume aliyekwenda kwa mwanamke mwingine anaishi. Mahali fulani anakula, ananyolewa, anaugua mafua. Unaweza kumkasirikia asubuhi na jioni. Wenzangu waliopoteza waume siku zile walivuka, wakauliza hospitalini, parokiani, kwa wachuuzi, kwa wabeba mizigo wa darajani. Wengine walipata kaburi, wengine hata nguo. Mimi sikuuliza mtu. Nilifungua studio nikajifunza kazi yake kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri, nakuhakikishia.

Na wewe nikakuambia. Ulikuwa unavua viatu vya shule, ukauliza Papa anarudi lini, nikasema Papa yako ana nyumba nyingine. Halafu ukavivaa tena vile viatu, ukafunga kamba, ukatoka kukaa nje. Tangu siku hiyo hukuuliza tena, na unasimama mbali na watu ili usiwasumbue.

Wiki ile ya picha za harusi niliiweka ile ya zamani chini ya taa hii hii ya studio. Miaka yote nilikuwa nimetazama mabega. Sikuwahi kutazama miguu. Visigino vya Papa yako viko huku kwetu, mwanzo wa daraja, mbao za kwanza kabisa. Miguu ya yule mwanamke iko juu kwenye picha, mwisho kule, karibu anakanyaga Kongo. Kati yao daraja zima liko tupu. Mkono wake hauko kwenye kiwiko cha mtu, unaning'inia tu. Sijui kama hata mmoja alisikia hatua za mwenzake.

Alivuka peke yake, mwanangu. Alikuwa anakwenda kumleta mama yake na kuku. Kati ya mwisho wa lile daraja na Kadutu kuna mahali alipoishia, na hakwenda kwa mtu.

Nimelisema, na kalamu haijatetemeka. Nilingoja nilie siku ile, nikakaa tayari kabisa, mlango nimeufunga. Hakuna kilichokuja. Nikasikia njaa. Vedaste alinikuta nakula ndizi baridi kwenye sufuria, akaiona picha, nikamweleza. Nilidhani ataona vibaya, mume mpya anaonyeshwa mume wa kwanza akirudishiwa jina lake. Akaivalia miwani akaitazama.

"Basi uyu muntu alikuwa mwema," akasema. "Haifai akae chumbani kwa sanduku. Tumuweke studio, ni yake."

"Na mtoto?"

"Mtoto ajue mbele hajaenda. Ukimwacha aende na ile uongo, ataijengea nyumba kule."

Misumari ameshaipigilia, ile miwili uliyouliza ni ya nini. Picha bado haijatundikwa. Nilitaka uione kwanza.

Siku ile tuliyokuambia tunakwenda Bukavu kununua vitenge, hatukununua vitenge. Nilivuka daraja kwa miguu, mara ya kwanza tangu siku zile. Unajua nimekuwa nikisingizia magoti. Vedaste alibeba mkoba wangu wa kike begani mbele ya askari na wachuuzi, wakamzomea kidogo, naye akawaambia amepandishwa cheo. Tulipanda mpaka Kadutu. Nyumba ya Bibi yako sasa ni ya watu wengine, na yeye mwenyewe alishafariki zamani. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale kona aliwakumbuka wale kuku, walikuwa wanaparua chini ya meza yake. Kuhusu Papa yako, hakumkumbuka. Tuliuliza na parokiani. Walikuwa wapole. Hawana jina lake. Kurudi nilisimama kwenye daraja pale visigino vyake vilipokuwa, nikajaribu kuhisi kitu, nikahisi kwamba kiatu cha kushoto kinabana. Vedaste alisimama kando yangu bila mzaha wowote, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu.

Sasa lensi. Usidhani nasema lensi ndefu ni mwongo. Ile picha ndiyo mgongo wa mwisho wa Papa yako nilio nao. Kwa lensi fupi angekuwa nukta. Na kwenye gusaba utaihitaji, maana si kila msemaji atakuita ukanyage nyasi. Lakini ile studio ya Kigali unakokwenda kufanya kazi inazo ndefu, watakuazima. Ya kwako mwenyewe, ningekuwa mimi, ningechukua fupi. Ile ya bei ya bahasha yetu ikiwa ndefu, ukiivuta mpaka mwisho inakuwa na giza, na chini ya mahema ya bluu watu wote watatoka kama wagonjwa. Fupi yenye kioo kipana haina giza hilo. Wakikusifia kamera inayovuta mara nyingi ajabu, uliza kama ni kioo kinachovuta au ni kompyuta ndani inakata picha na kuipanua. Ya pili hata mkasi unaweza. Ikiwa ni ya mkono wa pili, mulika tochi upande mmoja uchungulie upande mwingine. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni ukungu wa unyevu, hautoki. Ishike ikitazama chini: pete ikiteremka yenyewe, imechoka, mwachie mwenyewe. Nimekuwekea kwenye begi la kamera ule mchele wa kitambaa, umefungwa vizuri, unanyonya unyevu. Vedaste amekubali. Amesema mimi ataniletea mwingine, na akaniangalia vile anavyoniangalia, nikasahau nilikuwa nasema nini.

Lakini nikuambie kwa nini hasa ninaitaka ile fupi, mbali na giza na mahema. Fupi haivuti mtu. Ukitaka sura yake, itabidi utembee. Utamsumbua, ndiyo. Atakuambia ngoja nifute jasho, atakuuliza jina, labda atakufukuza. Kwa muda huo wote utajua yuko umbali gani nawe, kwa sababu utakuwa umeukanyaga. Mimi nilipata mume kwa kusumbua wazee kwenye nyasi. Na nilipoteza mwingine mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani, sijatoka kwenda kuuliza. Chagua unayoitaka. Ukirudi na ndefu sitanuna.

Nawasikia bado uani.

"Mzee, iyi kamba itakatika."

"Ikatike. Wewe utakuwa Kigali, mimi nitakuwa nimelala."

"Na godoro yangu?"

"Godoro itafika. Godoro haina kichwa ngumu kama ya mwenyewe."

Unacheka. Hujamwita Papa, na sitakuomba. Sasa unajua yule mwingine hakuliacha jina hilo popote. Bado ni lake, na una haki ya kulishika.

Picha iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi ya mwisho. Itazame kwa miguu kwanza, halafu panda polepole mpaka begani. Ukimaliza, ukitaka kukaa nayo, kaa nayo. Misumari inaweza kungoja.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Kigali kuichukua, au kukuachia. Nitapanda basi la asubuhi nipite msituni, na Vedaste ataahidi kubaki kazini halafu atakuja. Nitashuka na kapu la sambaza nikiwa nimekunjamana. Nitakuona umesimama ng'ambo ya barabara na kamera shingoni, nakujua. Usiiinue, Nadine. Vuka kwanza. Njoo mpaka uweze kunishika mkono, halafu, kama bado unaitaka, piga.

Maman